Chumba cha wastani, dari la kitajiri: namna ya kulala Lamu

Kwa miaka minne niliandika majina ya wageni kwenye daftari la gesti moja ya Mkomani, Lamu mjini. Nyumba ya ghorofa tatu, vyumba saba, mapangaboi, ngazi kali kama za mnara, na chai ya asubuhi iliyopandishwa juu kwa sinia. Bwawa la kuogelea halikuwapo, wala kiyoyozi. Walioondoka wakinung'unika karibu kila mara walikuwa wa chumba namba moja, kikubwa kuliko vyote, chenye kitanda cha samadari na choo kipya, ila kilikuwa chini na dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani. Waliorudi mwaka uliofuata walikuwa wa namba saba, kijumba cha makuti juu kabisa, choo nje, ndoo na kata. Namba moja ndiyo iliyokuwa ghali.

Siku hizi naishi Mombasa. Nikienda Lamu naenda kama mgeni, nalipa kama mgeni, lakini nachagua chumba kama karani.

Lamu ni mahali pa matajiri, tusidanganyane. Pale Shela, na ng'ambo yake ufukweni Manda, kuna majumba yanayokodishwa zima zima, na mpishi wake na boti yake. Hata wana wa kifalme wa Ulaya wamewahi kuwa na nyumba huko. Peponi, hoteli iliyofunguliwa 1967 pale kwenye kona ambapo mlango wa bahari unakutana na bahari kuu, bado ndiyo baraza la wenye nazo. Lakini mchanga si wa hoteli yoyote. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 62, inaihesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ya umma. Bahari ni yako, upepo ni wako, mwezi ni wako. Unachokwenda kununua ni kitanda tu, na kazi yote ya mwongozo huu ni kukiweka kitanda hicho mahali ambapo hayo mengine utayapata bila kulipa tena.

Hatua ya 1: Uliza gesti, usiulize hoteli

Hii ni fupi. Pwani yetu "hoteli" ni mahali pa kula. Ukishuka jetini ukauliza hoteli ya bei nafuu, utapelekwa kwa moyo mweupe mpaka kwenye sahani ya pilau. Sema gesti, au nyumba ya wageni.

Hatua ya 2: Chagua mtaa kabla ya chumba

Hapa ndipo watu hukosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Lamu mjini imejipanga sambamba na bahari. Kwanza barabara ya pwani, penye jeti, makumbusho na mashua. Nyuma yake, hatua chache tu, ni Ndia Kuu, uchochoro mrefu wa maduka unaoupasua mji kutoka kaskazini hadi kusini. Nyuma ya Ndia Kuu ni vichochoro vinavyopanda mlima, vingine vyembamba kiasi kwamba punda mwenye mzigo akija lazima mtu arudi nyuma, na si punda. Katikati ni ngome, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19, ikawa jela mpaka 1984, na mbele yake ni uwanja wa Mkunguni, ambapo wazee hukaa chini ya miti na kila habari ya mji hupita. Kaskazini ya ngome ni Mkomani, mtaa wa nyumba kongwe za mawe. Kusini ni Langoni, wenye pilikapilika zaidi, na huko ndiko uliko msikiti wa Riyadha.

Gesti iliyo usoni kabisa pwani inavutia kwenye picha. Usiku utasikia injini za boti, na alfajiri utasikia mabaharia wakiitana. Iliyo juu sana mlimani ni tulivu, lakini upepo umeshazuiwa na nyumba hamsini kabla ya kukufikia, na utapotea njia kila jioni. Mahali pangu ni safu ya pili au ya tatu kutoka pwani, upande wa Mkomani, katika nyumba iliyo ndefu kuliko iliyo mbele yake. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Nyumba ndefu iliyojificha nyuma ya nyumba fupi inapata bahari yote ya jirani yake, na bei yake ni ya nyuma.

Shela ni habari nyingine. Ni kijiji kidogo, kusini, kama kilomita 3 kutoka mjini, na fahari yote imejaa mstari wa mbele. Nyuma ya msikiti wake wa Ijumaa, ule wenye mnara mnene uliojengwa 1829, kuna vichochoro vya mchanga vyenye gesti za watu wa kawaida, vyumba vinne au vitano, mwenyewe akiishi chini. Shela chagua ikiwa unataka kuogelea kila siku, au una watoto ambao hawatakusamehe ukiwatembeza kilomita 3 juani. Jua tu kwamba chakula ni ghali kuliko mjini, benki utazifuata Lamu, na boti ya kukodi usiku si bei ya mchana. Na begi lako la magurudumu, kwenye ule mchanga, utalibeba kichwani.

Mtu wa siku mbili nampeleka mjini. Wa siku nne au tano namwambia agawanye: mjini kwanza, Shela baadaye. Akianza Shela atadhani bei za Shela ndizo bei za Lamu, naye ataishi hivyo mpaka aondoke.

Hatua ya 3: Tazama upepo, kisha kalenda

Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hadi Machi hivi. Joto ni kali, bahari ni safi, na ndio msimu wa wageni. Mwisho wa Disemba usiende bila kulipia kabla. Mwezi wa Maulidi pia mji hujaa, maana watu hutoka pwani nzima na hata nje ya Kenya kuja Riyadha, na gesti za bei ya chini ndizo zinazojaa kwanza. Novemba kuna tamasha la utamaduni, lenye mashindano ya punda na ya mashua, na hapo pia vyumba huadimika.

Kusi huingia na mvua za masika, Aprili na kuendelea. Nyumba nyingi za kifahari za Shela hufunga Mei na Juni. Gesti za mjini hazifungi, maana wenyewe wanaishi humo. Bahari ya Shela huwa na mawimbi makubwa, samaki hupungua na bei yake hupanda, lakini chumba cha juu utakipata kwa bei ya chumba cha chini. Mimi hupenda Agosti na Septemba, mvua imekwisha, kusi bado inapiga darini, yaani pale juu ya nyumba panapokaliwa, na usiku unajifunika shuka.

Ramadhani nayo ifikirie. Mchana mikahawa ya mjini mingi imefungwa. Baada ya magharibi mji unafunguka kama sanduku, na sijui mahali pengine pa kula futari vizuri kuliko pale. Kama hufungi, omba gesti ikuandalie chakula ule darini au chumbani, si barabarani.

Hatua ya 4: Piga simu, na uliza maswali ya karani

Picha za gesti za Lamu zote zinafanana: dari, mito ya rangi, jahazi kwa mbali. Hakuna anayepiga picha ngazi. Mwaka mmoja mimi mwenyewe, karani mzima, nilichukua chumba mahali fulani kwa sababu niliambiwa kinatazama bahari. Kweli kilitazama, ukisimama juu ya ukingo wa bafu na kushika nondo ya dirisha.

Kwa hiyo piga, na uliza hivi. Chumba kiko ghorofa ya ngapi? Dirisha linatazama nini, na dirisha la pili liko upande gani? Maana chumba cha dirisha moja hakipitishi upepo hata kikiwa mbele ya bahari. Msikiti wa karibu uko umbali gani? Jenereta au pampu ya maji iko wapi? Wageni wote wanaruhusiwa kupanda darini, au dari ni la chumba kimoja? Chai ya asubuhi imo ndani ya bei? Kisha, mwisho kabisa, uliza bei ya mwananchi. Sehemu nyingi zina bei mbili, ya mkaazi na ya mgeni wa nje, na hutatajiwa ya mkaazi usipoiuliza.

Kuhusu msikiti: mji ule mdogo una misikiti zaidi ya ishirini. Huwezi kuikwepa adhana ya alfajiri, na mimi nisingependa kuikwepa. Ila kuna tofauti kati ya kuisikia ikitoka pande zote kama mvua ya mbali, na kulala na kipaza sauti dirishani.

Wapenzi ambao hawajaoana waulize mapema pia. Nyumba nyingine hazijali, nyingine mwenyewe ni mzee wa msikiti na atakataa kwa adabu sana saa tatu usiku, wakati kwingine kote kumejaa.

Hatua ya 5: Fika mchana

Kwa ndege unatua Manda, kisiwa cha ng'ambo, na kutoka uwanjani unatembea hadi jeti na kuvuka kwa boti. Mwambie mwenye gesti saa ya ndege yako, akutumie mtu mwenye boti anayemjua.

Kwa basi unapitia Malindi, kilomita 120 hivi kutoka Mombasa, kisha Garsen na Witu hadi Mokowe, mwisho wa barabara. Safari nzima kutoka Mombasa ihesabu saa sita hadi nane. Barabara imetiwa lami, lakini kuanzia Garsen kuna vizuizi vya polisi na abiria huteremka na vitambulisho mkononi, kwa hiyo usikizike chako chini ya begi. Kabla ya kukata tiketi, uliza hali ya njia. Watu wa ofisi za mabasi huijua siku kwa siku. Pale Mokowe zipo boti za abiria za kasi na zile za polepole. Nauli ya abiria ni ndogo na inajulikana. Wewe simama, tazama mama aliye mbele yako analipa ngapi, nawe toa hizo hizo.

Jetini Lamu utapokewa na vijana wengi kuliko mizigo yako. Wengi ni watu wazuri. Ila kila mmoja ana gesti ya "shemeji yake", na mgeni anayeletwa na dalali hulipa zaidi, maana fungu la dalali linatoka mfukoni mwa mgeni. Mimi nilikuwa nikilitoa hilo fungu kwa mkono wangu. Sema, "Nimeshapata, nasubiriwa na mwenyeji," na utaje jina la gesti. Ukihitaji msaada wa mzigo, mlipe hamali wa mkokoteni, mpatane bei kabla hajainua kitu.

Hatua ya 6: Kagua chumba kama mnunuzi wa nyumba

Usitoe pesa hujapanda ngazi. Hakuna mwenye gesti mstaarabu atakayekasirika. Atasema kwa Kiamu, "Ndoo yuu," yaani njoo juu, nawe mfuate.

Kuifahamu gesti yako kwanza ifahamu nyumba ya Kiamu, kwa sababu nyingi ya gesti hizi ni nyumba za watu zilizogeuzwa. Mlangoni kuna daka, kibaraza chenye viti vya mawe kila upande, pa kupokea mtu asiyehitaji kuingia ndani. Ukivuka tekani, kibaraza cha ndani ya mlango, unatokea kiwanda, ua wa katikati ulio wazi juu, na huko si karakana, Lamu kiwanda ni ua. Kisha misana, kumbi ndefu zinazofuatana, na ndani kabisa chumba cha giza cha mwenye nyumba, ukuta wake umechimbwa zidaka, vishubaka vya kuwekea vitu, safu kwa safu. Vyumba vyote ni virefu na vyembamba, havizidi sana mita 3 kwa upana, kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari haziendi zaidi ya hapo. Mtu akikuambia chumba chake ni kidogo kwa sababu ya ubahili, mtetee fundi.

Na nyumba kubwa zilikuwa na sabule, chumba cha mgeni. Mfanyabiashara aliyeletwa na kaskazi alilazwa humo akisubiri upepo ugeuke, na alikuwa na mlango wake asipishane na watu wa ndani. Ukipata gesti ambayo mwenyewe bado anaita chumba fulani sabule, uliza kama kiko wazi. Aliyekijenga alikuwa akimfikiria mtu kama wewe.

Sasa kagua. Vyumba vya chini vina kuta nene za mawe ya matumbawe, mchana ni baridi kama mtungi, usiku havina hewa. Vyumba vya juu ni kinyume, saa nane mchana vinachoma, usiku ni pepo. Kwa vile mchana hutakuwa chumbani, chagua juu. Simama katikati, fungua madirisha yote, ngoja dakika moja bila feni. Ukiona chandarua kinatikisika, umepata.

Chandarua chenyewe kishushe, ukiinue kuelekea kwenye mwanga. Pwani malaria ipo, na tundu moja linatosha. Fungua bomba uonje maji kwa ncha ya ulimi. Yakiwa na chumvi kidogo usishangae, maji ya mji hutoka kwenye visima vilivyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela, mvua inayochujwa na mchanga ule ule utakaoupanda kesho kupiga picha. Yakivutwa sana, chumvi huingia. Ndiyo maana ukioga kwa kata badala ya bomba la mvua hujafanyiwa ubaya. Katika nyumba za zamani unaweza kukuta birika la maji lenye visamaki vidogo ndani. Usimwite mwenye nyumba kwa hofu. Wamewekwa kula viluwiluwi vya mbu, na wamo kazini.

Mwisho panda darini, hata kama umeshakipenda chumba. Dari ndilo sebule yako, meza yako ya chai, na usiku wa joto ndicho kitanda chako. Tazama kama kuna kivuli cha makuti, kama kuna pa kukaa, na kama ukuta wa ukingo unamfaa mtoto wako. Tazama pia chini, upande wa nyuma. Kukiwa na zizi la punda, utaamka nao. Punda wa Lamu halii, anafoka, na huanza yeye akaitikiwa na mji mzima.

Hatua ya 7: Patana bei, lakini kwa uungwana

Bei iliyobandikwa ukutani kwetu ilikuwa ya Disemba, na tuliiacha pale mwaka mzima kwa sababu kuna watu waliolipa bila kuuliza. Usiseme "punguza". Sema unalala siku ngapi, kisha uliza, "Siku tatu utanifanyia vipi?" Siku nyingi hushusha bei kuliko maneno mengi. Ukiona bei haishuki, iache, uombe kitu: chumba cha juu kwa bei ya chumba cha chini, chai ya asubuhi ndani yake, kutoka saa nane badala ya saa nne siku ya mwisho. Haya karani anaweza kukupa bila kumpigia simu mwenye nyumba.

Usipatane mbele ya mgeni mwingine. Nilimnyima mtu chumba kizuri kwa hilo tu, maana ningempunguzia yeye, watatu waliokaa barazani wangerudi kwangu.

Lipa kwa M-Pesa ukiweza, ujumbe ubaki kama ushahidi, na omba risiti hata ya daftari.

Hatua ya 8: Kula nje ya gesti

Chai ya asubuhi ya gesti itoshe kwa siku mbili za kwanza. Baadaye toka. Mahamri na mbaazi za nazi utazipata kwa kina mama kabla ya jua kupata nguvu, na ukichelewa utakuta sufuria tupu. Mchana, wali wa nazi na samaki wa kupaka kwenye mkahawa wowote ambamo mabaharia na makarani wa serikali wanakula pamoja. Mahali hapo hapahitaji sifa zaidi. Jioni mishkaki na viazi karai hukaangwa barabarani, na baada ya isha mwuza kahawa tungu hukaa na dele lake. Kikombe kimoja, kashata au kipande cha halua, na ukimya. Hiyo ndiyo klabu ya usiku ya Mkunguni.

Kambakoche ukimtamani, usiagize kwenye meza yenye kitambaa. Mwulize mwenye gesti asubuhi kama mpishi anaweza kumpika ukimnunua mwenyewe kwa mvuvi. Aghalabu anaweza, na utalipa makaa, nazi na jasho lake.

Hatua ya 9: Nenda Shela kwa saa ya maji

Njia ya pwani kwenda Shela ni mwendo wa dakika arobaini, hamsini ukisimama kusalimia. Maji yakijaa sana hugonga kuta, nawe utavua viatu au urudi. Ipo njia ya ndani, lakini haina bahari. Kwa hiyo jifunze hili dogo: mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji ni ya bamvua, hujaa sana mnamo saa kumi na hupwa sana mnamo saa nne. Kila siku inayofuata husogea mbele dakika hamsini hivi. Siku za bamvua basi ondoka mjini saa tatu asubuhi, utembee juu ya mchanga mgumu, na usipange kurudi kwa miguu jioni. Rudi kwa boti ya abiria kabla ya magharibi. Wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, huhitaji hesabu kubwa.

Ukipita ile kona ya Peponi, ufuo unafunguka, kama kilomita 12 za mchanga na vilima vyake, mpaka upande wa Kipungani. Hakuna kivuli wala mwokoaji. Chukua maji, kofia na leso kubwa, usiende peke yako mbali sana mahali pasipo na watu, na msimu wa kusi usiingie kina. Ukitaka kukaa na matajiri, kaa. Agiza juisi moja kwenye baraza la hoteli, uitazame bahari ile ile wanayoitazama wao, na ulipe juisi. Kabla ya kuingia kijijini vaa nguo yako. Shela ni kijiji cha watu wanaoswali, na nguo za kuogelea hubaki ufukweni. Mjini vivyo hivyo, mabega na magoti yafunike.

Siku moja ifanye ya mashua. Tafuteni watu wanne au watano hapo gestini mchange, na muulize nahodha wazi: chakula kimo? Miwani ya kuzamia imo? Tunarudi saa ngapi? Mkitaka kwenda Takwa, mji wa magofu kisiwani Manda uliokaliwa karne ya 15 hadi ya 17, lazima maji yawe yamejaa, kwa sababu mnaingia kwa mkondo wa mikoko ambao maji yakipwa ni tope. Nahodha anayewaambia "saa yoyote" mwacheni.

Hatua ya 10: Ondoka vizuri

Mabasi huondoka Mokowe asubuhi na mapema, maana yake utavuka kabla ya mji kuamka. Usiku wa mwisho lipa kila kitu, uliza boti ya kwanza inaondoka saa ngapi na kutoka jeti gani, na mwambie mlinzi akuamshe, hata kama una simu. Mlango mkubwa utakuwa na komeo kwa ndani na mlinzi atakuwa amelala darini au dakani. Ujue ni wapi. Hamali mwagize jioni. Alfajiri hutampata, au utampata wa bei ya alfajiri.

Na ufunguo uache mezani. Ni ufunguo mkubwa wa chuma, unapendeza mfukoni, unasahaulika. Katika miaka yangu minne nilipokea funguo tatu zilizorudishwa kwa basi kutoka Mombasa, kila mmoja umefungwa kwenye gazeti, na mara zote ulikuwa wa namba saba.